Sauti Yangu Kwenye Upande wa Pili

Kama umepita Tukuyu siku za karibuni ukasikia watu sokoni wanaulizana, "Ndiye huyu wa kwenye spika?", basi jibu ni ndiyo, ni mimi, na leo naomba nieleze mwenyewe kwa mdomo huuhuu ulioniponza, maana habari niliyoikuta stendi juzi ilikuwa imeshaongezewa ng'ombe wawili na mchungaji aliyezimia, na nawaapia hakuna aliyezimia siku ile. Aibu yenyewe ilijitosheleza, haikuhitaji nyongeza ya mtu.

Mimi kwetu Morogoro. Jina langu Zawadi, ila hapa wananiita Mama Gwamaka kwa mwanangu, na nina kibanda kidogo pale mjini Tukuyu ambapo kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, hasa nyimbo za zamani. Vijana hawanihitaji, wana simu zao wanajipakulia wenyewe, lakini watu wazima wanatoka Kiwira, wanatoka Kisiba, wananiletea kanda zilizonata na santuri zenye mikwaruzo kama zilichezewa na kuku, wananiambia, "Mama Gwamaka, nitolee huyu mwimbaji humu ndani," nami namtoa. Na kitu kimoja mkijue mapema ili mnielewe: sipendi wimbo mmojammoja. Mimi ni mtu wa albamu. Mwanamuziki amekaa kitako akapanga huu uanze, huu ufuate, huu ufunge, halafu wewe uje unyofoe mmoja ukimbie nao, hiyo kwangu ni sawa na kunywa supu ya jirani ukaiacha chapati. Ugonjwa huu nimeurithi kwa marehemu baba yangu, fundi redio, ambaye alikuwa na santuri kubwa moja ya bendi ya dansi ya zamani (jina la bendi nitaliacha, maana kila nikilitaja watu wanaanza kubishana na habari yangu inapotea), na santuri ile aliipiga mpaka majirani wakawa wanajua wimbo gani unafuata.

Sasa nikaolewa na Lusajo, Mnyakyusa wa Kisondela, mwanaume mpole asiye na neno, na kwa kuwa hana neno hakunieleza jambo la muhimu kuliko yote mpaka siku ananipeleka kwao, tena basi limeshapita Kiwira na mimi siwezi kushuka. Akaniambia kwamba kwao mkamwana na baba mkwe hawakutani. Nikamuuliza hawakutani vipi, akasema hawakutani tu: hamkai chumba kimoja, hamwangaliani usoni, hamsemeshani, na jina lake mkamwana halitaji, awepo asiwepo. Siku hizi familia nyingi zimelegeza (namfahamu mkamwana mmoja wa Tukuyu mjini anampakia baba mkwe wake kwenye pikipiki anampeleka kanisani, na dunia haijaisha), lakini kwa akina Lusajo hawajalegeza hata uzi. Ndiyo maana hata hapa mtaona nasema "baba mkwe" tu. Jina silitaji. Nilishalitaja siku moja na yaliyonipata ndiyo haya nawasimulia.

Tuliishi hivyo miaka, na sikuona kwamba ni ukatili, nataka mlielewe hilo. Yeye akirudi kutoka shambani anakohoa mbali kabisa, kikohozi cha kujitengenezea, ili nisikie nipishe, nami naingia kwenye migomba nasubiri apite. Parachichi zikiiva, za kwanza zinakuja kwangu mjini na bodaboda, na hazisemi zimetoka kwa nani. Uso wake sikuujua vizuri. Nilimjua mgongo, nilimjua kofia. Ila siku ya kwanza kabisa niliyolala pale, nikiwa jikoni nyuma ya nyumba namenya ndizi, nikasikia santuri inaanza kupigwa sebuleni, na ilikuwa ileile. Ile ya baba yangu. Sio bendi ileile tu, ni albamu yenyewe, na wimbo wa kwanza ulipokwisha ukaja ule niliokuwa nimeshaanza kuuimba moyoni. Nikalia juu ya zile ndizi, wifi yangu akadhani nimekumbuka nyumbani, na kwa kweli nilikuwa nimekumbuka nyumbani.

Aliyekuwa haniamini ni shangazi, dada yake baba mkwe, mama mmoja mrefu mwenye macho ya kupima. Yeye tangu siku ya harusi alishasema kwamba watu wa huko chini hawana heshima, kwamba mkamwana wa kuja atawaaibisha, ni suala la kusubiri tu. Na alikuwa anasubiri kwa bidii. Nikienda kisimani ananitazama nimepita njia ipi, nikisalimia anahesabu nimepiga goti sawasawa au nimechuchumaa tu. Basi mimi nikawa na hamu moja maishani, kwamba siku moja ukoo mzima ukiwa umekaa, nionekane mkamwana kamili wa nyumba ile, nisiwe tena "yule wa Morogoro". Na siku hiyo ikapangwa: jubilei ya ndoa ya wakwe zangu, miaka hamsini, misa asubuhi, chakula nyumbani, ukoo wote.

Mama mkwe (yeye ni mtu wa kucheka, tunaongea naye vizuri) akasema anataka siku hiyo ipigwe albamu ile nzima, maana baba mkwe aliileta kutoka Zambia alikokuwa anafanya kazi migodini, aliporudi kuoa, pamoja na gramafoni na kreti zima la santuri, na wao wawili waliicheza sebuleni kabla nyumba haijapata hata viti. Lakini gramafoni lenyewe sasa lina sauti ya kunong'ona, uwanjani halisikiki. Kwa hiyo ikabidi albamu ihamishiwe kwenye flashi ipigwe kwa spika kubwa. Na kazi hiyo nani mwingine angeifanya?

Ikatafutwa siku ambayo baba mkwe hayupo. Alikwenda msibani Kisiba, na wifi yangu Atupele, mdogo wake Lusajo, akaniingiza sebuleni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Jamani. Kwenye lile kreti kulikuwa na magitaa ya Zambia ya enzi zile, yale yanayokwaruza, kulikuwa na santuri za Zaire, kulikuwa na za Nairobi, kila moja imevikwa mfuko wa nailoni na imefutwa vumbi, nikawa nazipekua. Nikaitoa ile yetu. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaona kitu: upande wa kwanza bado unang'aa, upande wa pili umekwanguliwa na sindano mpaka umepauka. Nikaiweka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, dogo kabisa, mtu yeyote angelifanya. Nilikuwa nimesahau kibandani waya wa kuunganisha gramafoni na kompyuta. Kurudi Tukuyu ni bodaboda kwenda, bodaboda kurudi, njia ina tope, wingu limeshafunga Rungwe yote, na baba mkwe anaweza kurudi wakati wowote. Nikajiambia, Zawadi, usijitese, weka simu juu ya stuli mbele ya gramafoni, rekodi hivyohivyo, chumba kina utulivu. Mimi! Mtu ambaye mteja akiniletea sauti iliyorekodiwa kwa simu namsimanga mpaka anaona haya.

Upande wa kwanza tulikaa kimya kama tuko kwenye maungamo. Haikusikika hata pumzi. Nikaugeuza, nikabonyeza tena simu irekodi, upande wa pili ukaanza na yale matarumbeta, na sijui nini kilitupata, labda ni ile raha ya kuwa mahali nisiporuhusiwa, tukaisahau simu palepale. Atupele akaanza kunichokoza. Akasema wewe wifi umekaa kwetu miaka yote hii jina la baba hata hulijui, nikasema nalijua, akasema basi litaje, hayupo. Nikakataa. Akasema unaogopa. (Msiniambie mtu aogope, udhaifu wangu uko hapo.) Nikalitaja. Lilikuwa tamu ajabu, kitu ulichokatazwa miaka kinapita kwenye ulimi, nikalitaja tena, jina lake na la ukoo, halafu kibwagizo kilipofika nikalitia ndani ya wimbo nikaliimba, na mbali ya kuimba nikainuka nikamwigiza anavyorudi kutoka shamba na kile kikohozi chake, Atupele akawa anagaragara kwenye mkeka. Tukaongea na mengine tulipotulia. Hayo nitayasema yakifika.

Mtauliza kwa nini sikusikiliza nilichorekodi. Nilisikiliza. Nilisikiliza upande wa kwanza, ulikuwa safi kuliko nilivyotegemea, nikasema huu wa pili nitausikiliza kibandani niukate sehemu za maneno, maana nilikumbuka kwamba tuliongeaongea, ila sikukumbuka tuliongea nini hasa. Nikafika mjini umeme umekatika, kompyuta haiwaki. Kesho yake umekatika. Siku ya jubilei alfajiri ukarudi kwa dakika za kuhesabika, nikahamishia yote kwenye flashi haraka haraka, nikajipa moyo kwamba watu watacheza upande wa kwanza tu, kisha chakula kitaletwa na hakuna atakayekumbuka muziki.

Asubuhi mvua ilinyesha kama kawaida yetu, ikakatika tulipotoka misani. Uwanjani pale Kisondela palikuwa pamefungwa turubai kubwa juu ya nguzo za mianzi, na turubai lilikuwa limebeba maji katikati, limelegea kama tumbo, kila mtu anaona na kila mtu anasema yatoeni, na hakuna anayeyatoa. Wakwe zangu waliketishwa barazani kwenye viti vilivyopambwa, shangazi akajichagulia nafasi karibu nao, chini ya turubai, na spika ikawekwa pembeni ya kiti cha baba mkwe kwa sababu hapo ndipo waya ulipofika kutoka dirishani. Lusajo akachomeka flashi, akabonyeza, akanitumia salamu jikoni kwamba kazi imekwisha, halafu ikagundulika keki imesahaulika Tukuyu akaondoka na pikipiki kuifuata.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine tunapakua mbalaga, ndizi zetu za kupika na nyama, na upande wa kwanza ukaanza. Nitawaambiaje? Nikasikia vigelegele, halafu miguu. Atupele akaja mbio kutoka mbele akaniambia mama na baba wameinuka wanacheza, wazee wote wameinuka, hata shangazi anatikisa bega. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Nikawa nachota ndizi na kichwa kimepanda juu, kila sahani naipakua kwa mbwembwe, nikisema moyoni leo ni leo, leo watasema mkamwana ndiye huyu.

Wimbo wa mwisho ukaisha, pakawa na kimya kifupi. Nikangoja wazime. Hakuna aliyezima. Yakalia matarumbeta ya upande wa pili.

Upawa ulinitoka mkononi ukazama kwenye sufuria. Nilikuwa bado najiambia labda watazima, labda maneno yako mwishoni, labda hayasikiki, nikasikia sauti ya mwanamke, kubwa kuliko kengele ya kanisa, inalitaja jina la baba mkwe. Ikalitaja tena, na la ukoo. Halafu, ndugu zangu, kibwagizo kikafika, nikaimba. Nilisikia nikiimba jina lake kwa mbwembwe zangu zote, kutoka Kisondela mpaka nadhani ng'ambo ya mto, na baada ya hapo kikaja kikohozi.

Nikamtafuta Atupele aende akazime, yeye ni binti wa nyumba, anaruhusiwa kwenda mbele ya baba yake bila shida. Atupele alikuwa ameshasikia kicheko chake mwenyewe kwenye spika, amekimbilia chooni amejifungia kwa ndani, na nilipogonga akasema ana tumbo. Nikampigia simu Lusajo, simu ikaita kwenye koti lake lililotundikwa palepale mlangoni mwa jiko. Wanawake wengine wa jikoni nusu yao ni wakamwana kama mimi, hawawezi kwenda, na nusu iliyobaki walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Na mbele huko nasikia shangazi ameshaanza, anamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala, Kyala," anasema si niliwaambia, si niliwaambia.

Nikaona njia moja tu. Kwenda mbele siwezi, lakini waya wa umeme wa spika ulikuwa unapita pembeni ya nyumba, upande wa migomba, ambayo naijua kuliko mtu yeyote pale. Nikajitanda khanga kichwani, nikainama, nikapita migombani mpaka nikauona waya, nikaushika kwa mikono miwili nikavuta kwa nguvu zangu zote. Sikujua kwamba mtu mwenye busara, ili waya usiguse tope, alikuwa ameuzungushia kwenye nguzo ya turubai. Na nguzo ilikuwa imesimama kwenye udongo wa mvua. Nguzo ikaja. Turubai likaja na nguzo, yale maji yote yaliyokuwa yanasubiri tangu asubuhi yakashuka kwa pamoja juu ya shangazi, na mimi ile kuruka niikwepe nguzo nikateleza nikaingia mbele, uwanjani, miguuni mwa baraza kabisa, na turubai likanifunika mzima mzima.

Nikalala pale. Gizani, nasikia harufu ya nailoni na tope. Nikasema Mungu wangu, angalau nimeizima.

Sikuwa nimeizima. Zile spika za siku hizi zina chaji ndani yake (nilijua! nauza mpaka betri zake!), na waya kuchomoka si kitu kwao. Wimbo ukaendelea, na sasa hakuna anayeongea isipokuwa shangazi anayetweta na mimi kwenye spika. Sauti yangu ikawa imeshuka. Ndiyo yale mengine tuliyoongea na Atupele tulipomaliza kucheka, na sikuwa nayakumbuka mpaka nilipoyasikia nikiwa chini ya turubai.

"Wifi, nikwambie kitu," nilikuwa nasema. "Angalia hii santuri. Upande wa kwanza kila mtu anaupenda, lakini ona, uliochakaa ni wa pili. Baba yako anasikiliza upande wa pili. Baba yangu naye alikuwa hivyohivyo. Tangu amefariki sijapata mtu wa kubishana naye upande huu wa pili, hata Lusajo hajui kama upo. Aliyebaki ni mmoja tu, na huyo ndiye ninayemkimbia kwenye migomba."

Nikasikia kiti kinasogea na mtu anainuka, bila shaka mama mkwe anakwenda kuzima, na sauti ya mzee, sauti ambayo nilikuwa naisikia kupitia ukutani tu, ikasema, "Iache." Ikaachwa. Wimbo ukaenda mpaka mwisho wake na hakuna aliyeisogelea spika.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alisema mengi, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa: kwamba jina la kaka yake limetupwa uwanjani kama ganda la ndizi, kwamba mkamwana ametoka mbele yake mchana kweupe, kwamba nirudishwe Morogoro nikafundwe upya. Maji yalikuwa yanamchuruzika na alikuwa na haki yote. Nikawa nafikiria nitamwambia nini Lusajo atakaporudi na keki.

Shangazi akaishiwa pumzi. Halafu baba mkwe akamwambia mama mkwe, taratibu, kama anaulizia chumvi, "Muulize huyo aliye chini ya turubai, baba yake alikuwa anapenda wimbo upi upande ule."

Mama mkwe akaja akainama karibu na kichwa changu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, baadaye nilijua alikuwa anazuia kicheko. Akaniambia mwanangu, umesikia swali. Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba ni wa pili, ule wenye tarumbeta peke yake katikati. Akapeleka jibu.

"Mwambie baba yake alikosea," mzee akasema. "Ni wa tatu."

Na mimi, mjinga mimi, nimelala topeni, nimevunja kila kitu cha kuvunjwa katika nyumba ile, nikasikia damu ya fundi redio inanipanda, nikamwambia mama mkwe amwambie kwamba wa tatu gitaa linachelewa kuingia. Hapo ndipo ukoo mzima ulipolipuka kwa kicheko. Nilicheka na mimi, turubai likawa linatikisika, wakaona linatikisika wakazidi. Mama mkwe akawaamuru wanaume wageuze nyuso ukutani, na mzee naye akageuka, ndipo wanawake wakanitoa wakanipitisha migombani mpaka jikoni. Tulipofika, Atupele alikuwa ametoka chooni, anapakua ndizi, ana uso wa mtu asiyejua lolote.

Sikusamehewa hivihivi, msidhani. Siku zilizofuata nilikwenda na Lusajo kuomba radhi kwa taratibu zao, nikapeleka jogoo na khanga mpya ya shangazi, na shangazi akalila paja la jogoo yule huku ananitazama, akasema lina chumvi kidogo. Kutoka kwake hiyo ilikuwa ni amani. Na katika yale mazungumzo baba mkwe, kupitia kwa Lusajo, akatoa hukumu yake: kwa kuwa albamu yake imeharibiwa kwa maneno, nirudi niirekodi upya, nikiwa na waya, na yeye akiwepo asikie nimefanya vizuri. Nimeshaapa mbele ya mume wangu, na nawaapia na nyinyi: simu yangu haitawekwa tena juu ya stuli mbele ya muziki wa mtu, na nikianza kurekodi kitu chochote mdomo wangu naufunga, hata nyumba iwake moto nitatoka kwa ishara.

Basi Jumapili moja nikaenda na waya wangu. Wakaniwekea kigoda kwenye ujia, nyuma ya pazia, yeye yuko sebuleni na gramafoni, na mama mkwe ameketi mlangoni katikati yetu anachambua maharage na kupeleka maneno. Anaambiwa, mwambie ile albamu ya Wazambia iliyomo kwenye kreti besi yake haina mpinzani. Anageuka ananiambia. Namwambia, mwambie besi sawa ila mwimbaji anaimba na mafua. Anageuka. Tukaenda hivyo nusu ya mchana (waya hauna masikio, kiapo changu hakikuvunjika), na mama mkwe, ambaye anapenda kucheza lakini habari za besi hazimhusu ndewe wala sikio, akaanza kufupisha. Nasema maneno mengi yeye anampelekea, "Amekataa." Mwishowe akainuka na ungo wake.

"Mimi nimechoka," akasema. "Maharage yananingoja. Malizaneni wenyewe."

Akatoka. Tukabaki. Upande wa kwanza wa albamu yetu ulikuwa umekwisha, sindano inakwaruza tu katikati, kru, kru, na hakuna wa kuagizwa. Nilikuwa naona miguu yake chini ya pazia, haisogei. Nikatazama mlango wa nyuma, ulikuwa wazi, ningeweza kutoka zangu.

"Mkamwana," akasema. Halafu baada ya muda, "Geuza."

Nikavuta khanga mpaka kwenye nyusi, nikainua pazia, nikaingia nikiwa natazama sakafu. Nikaigeuza, nikaifuta kwa pindo, nikashusha sindano polepole. Matarumbeta yalipoanza nikatafuta pa kukaa, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, mgongo nikampa kwa heshima, na hakuniambia nitoke.